Mstari Mmoja Uliomzika Bi Mize

Kicheko chenu kitoeni sasa hivi mkimalize, maana nikifika katikati ya habari hii hamtacheka, na mimi mwenyewe kila nikiisimulia hufika mahali baridi ikanipanda mgongoni, ingawa aibu ni yangu peke yangu na hakuna wa kunisaidia kuibeba. Mimi Zuwena, mwalimu wa kompyuta, niliyekwenda kusoma nikarudi kisiwani na kichwa kimevimba, ndiye niliyemtangaza mtu kuwa amefariki naye yu hai, tena si mtu wa kando, ni Bi Mize Kombo wa Mgogoni, aliyenifundisha alifu na be katika chuo chake cha Kurani, na nusu ya Mgogoni wamepita mbele ya kijiti chake. Kama hiyo haitoshi, tangazo langu mwenyewe nikaliamini, nikaenda kumlilia.

Kwetu Mgogoni tuna jumuiya ya kuzikana. Zamani mtu akifariki, wafiwa humpigia katibu, Mzee Makame, naye huanza kupiga simu mmoja mmoja, wa Wete, wa Chake, wa Mkoani, mpaka sauti inamkauka, na wengine habari huwafikia maiti keshazikwa. Siku moja akanambia, "Mwalimu, hiyo elimu yako ya mashine kwenye misiba haifai?" Neno likanichoma. Nikamwahidi programu: mfiwa atatuma ujumbe kwa nambari moja, kwa maneno yake mwenyewe, na programu itausoma, itachomoa jina la marehemu, mji wake na saa ya maziko, kisha itaandika tangazo safi na kulituma kwa wanajumuiya wote kwa mkupuo.

Sasa kazi iko hapo kwenye kuchomoa (msiojua mambo haya msikimbie, nitasema kidogo tu). Kuna njia ya mkato sisi waandishi wa programu tunaiita rejeksi: kamstari ka nukta, nyota na mabano, ukikatazama utasema kuku kakanyaga wino akapita juu ya karatasi, lakini kana nguvu za ajabu. Kangu kalisema hivi: tafuta neno Bi, au Mzee, au Bwana, chukua majina yanayofuata, ukifika kwenye "wa" chukua mji, na mradi huko mbele, popote pale, pana neno "amefariki", basi huyo ndiye marehemu. Hilo "popote pale" huandikwa kwa nukta moja na nyota moja.

Mwalimu mwenzangu Gervas, mtu wa Bara aliyekuja kufundisha hisabati skulini kwetu Mtambile na pweza wa nazi akamfanya asahau kurudi kwao, aliutazama mstari wangu kama mtu anayetazama waya wa umeme uliochunika.

"Zuwena, hii inavizia maneno, haisomi sentensi," akasema. "Watu hawatangazi msiba kwa kujaza nafasi. Andika sarufi ndogo. Kipande kimoja kijue jina, kingine kijue mji, kingine kijue udugu, visome neno kwa neno kuanzia mwanzo, na vikikuta visichokijua vikatae."

"Itanichukua wiki nzima."

"Si ichukue."

"Gervas, mstari mmoja! Mmoja tu, na unafanya kazi!"

Nikafunga kompyuta nikaondoka, kwa sababu kulikuwa na harusi ya rafiki yangu na mimi hina nilikuwa bado sijapakwa. (Naam. Hina. Ukiniuliza balaa lote hili lilianzia wapi, nitakuonyesha kiganja.)

Misiba ya mwanzo ilikwenda sawa. Watu walipata habari mapema, maziko yakajaa, Mzee Makame akanishukuru kwa kipaza sauti cha msikiti na mama yangu akatembea na sifa zile kijiji kizima kama kanga mpya.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa karafuu, adhuhuri, joto limekaa juu ya bati za skuli na hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Niko chumba cha walimu nasahihisha. Simu ikalia. Nikaitazama kwa jicho moja, nikaona maneno ninayoyajua hata mahali pa nukta zake, maana niliyapanga mimi: *Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Bi Mize Kombo wa Mgogoni amefariki. Maziko leo saa kumi.*

Sikushuku. Nishuku nini? Kalamu iliniporomoka, nikapiga ukelele mmoja uliowatoa wanafunzi madarasani, na kabla sijajua nimesimama vipi, Gervas alikwisha chukua ufunguo wa gari yake kuukuu. Njiani nilipiga simu ya Bi Mize (sijui kwa nini, mtu hupigia maiti simu?) na ile sauti ya kike ikanambia mteja hapatikani. Nikalia upya. Nilijua Bi Mize simu yake huisahau bila chaji siku mbili tatu, lakini siku ile hayo hayakunijia kabisa.

Gervas akasema taratibu, "Ule ujumbe wenyewe umeuona? Ule aliotuma mfiwa?"

"Gervas, mtu kafa!"

"Nauliza tu."

"Usiniulize! Mashine inasoma kile ilichoandikiwa!"

Akatazama njia. Laiti ningenyamaza mimi.

Kadiri tulivyokaribia Mgogoni ndivyo watu walivyopungua njiani. Nyumba zi wazi, hamna mtu. Karafuu zimeanikwa majamvini na kuku wanatembea juu yake na hakuna wa kuwafukuza. Mahali pamoja sufuria ilikuwa jikoni nje, inachemka yenyewe, mfuniko unagonga. Harufu ya karafuu mbichi ilijaa garini, na mimi nimeipenda harufu hiyo tangu utoto, lakini kichwani mwangu ikageuka ile karafuu maiti wanayotiwa wafu, nikajifunika pua kwa mtandio.

Uani kwa Bi Mize palijaa. Wanaume wako upande wa njia, kimya, na wanawake wameketi chini kuizunguka nyumba, nao kimya. Mlango umefungwa. Mimi sikungoja, nilijitupa pale chini nikalia kwa sauti, nikamtaja, nikasema nani atanisahihishia hati tena, nani atanipiga kijiti, na kusema kweli nililia kuliko watu wa damu yake. Bi Sabiha, ambaye ndiye huosha maiti wa kike pale kwetu, alikuwa kajiinamia karibu na ukuta. Sikumwona mara moja. Aliyenishika bega ni jirani mmoja.

"Nyamaza, yakhe," akaninong'oneza. "Wanamwosha."

Nikanyamaza. Ndipo nikayasikia maji. Yanatoka ndani, upande wa nyuma: kata inazama, inanyanyuliwa, maji yanamwagika taratibu sakafuni. Kimya. Kata inazama tena. Uani hakuna aliyekohoa. Wanawake wote walikuwa wanasikiliza maji yale, na midomo inatembea kwa dua.

Nikamuuliza yule jirani, "Nani wamo ndani?"

"Bi Sabiha na wenziwe."

Bi Sabiha akainua kichwa pale ukutani. "Mie hapa," akasema. "Nimefika sasa hivi tu, nikakuta mlango umefungwa na maji yanatiwa, nikajua mmemwita mwengine."

Wakatazamana. Mmoja akamtaja fulani, fulani akasema mimi hapa. Mwengine akamtaja fulani mwengine, naye yuko nyuma yangu. Kila jina la mtu awezaye kuingia kumwosha maiti lilipotajwa, mwenyewe aliitika kutoka palepale uani, mpaka majina yakatuishia.

Na maji bado yanamwagika.

Jua limetuwakia utosini na mimi meno yananigongana. Bi Sabiha alisimama, akashika ukuta, akasema "Audhubillahi" kwa sauti ndogo sana. Ndani, kata ikatundikwa kwenye msumari wake (niliutambua mlio, nimeitundika mwenyewe mara ngapi utotoni). Kisha nyayo. Zikaja polepole, zikaburura kidogo mguu wa kushoto, kama anavyoburura Bi Mize. Komeo likasogezwa. Mlango ukafunguka, na Bi Mize Kombo akasimama kizingitini, uso unadondoka maji, kajifunga kanga kifuani na nyengine kajitanda kichwani.

Kilichofuata mngekiona mngekimbia pia. Wanawake walipiga ukelele kwa pamoja, mmoja akaruka ua wa makuti akaacha viatu, mwengine alianguka juu yangu, upande wa wanaume nikasikia mtu anaisoma Ayatul Kursiyyu kwa haraka mpaka anameza maneno. Nilibaki palepale chini, mdomo wazi, kilio kimekatikia katikati kama redio iliyokatiwa umeme.

Bi Mize alitutazama. Akawatazama wanaume. Wawili kati yao walikuwa ndio kwanza wanafika na majembe, udongo mwekundu umewaganda mpaka magotini.

"Nani kafa?" akauliza.

Wale wawili wakayaficha majembe nyuma yao.

"Hayo majembe ya kaburi. Kaburi la nani?"

Mzee Makame akavua kofia yake. Bi Mize akashuka ngazi moja, na watu wote wakarudi nyuma pamoja, isipokuwa mimi niliyekuwa bado nimekaa chini. Akaja mpaka mbele yangu. Tone la maji likatoka kidevuni mwake likaniangukia mkononi, la baridi, na hapo ndipo akili ikanirudia kwamba huyu ni mtu, tena katoka kuoga.

"Zuwena," akasema. "Weye nilikufunza kusoma. Nsomee hicho mlichokisoma nyote."

Nikamsomea. Sauti yangu mwenyewe niliisikia inamwambia mtu aliye mbele yangu kwamba amefariki na maziko yake saa kumi. Alisikiliza kainamisha kichwa, vilevile alivyokuwa akitusikiliza tukisoma juzuu, anatafuta kosa.

"Hapana," akasema. "Mie sijafa."

"Hujafa, Bi," nikajibu (na hili jibu mpaka leo watu wananiigiza).

Gervas alikuwa kasimama nyuma ya wanaume. Hakunyanyua sauti. "Zuwena, soma ule wenyewe."

Basi nikaufungua mtambo wangu kwenye simu, vidole vinateleza, nikaupata ujumbe wa mfiwa ulioingia adhuhuri ileile, na kwa kuwa nilikwisha anza kusoma kwa sauti nikaendelea kwa sauti, ulimi unakwenda mbele, akili iko nyuma:

"*Assalaam alaykum. Nawaarifu kuwa baba yangu, kaka yake Bi Mize Kombo wa Mgogoni, Mzee Hamad Kombo wa Gando, amefariki leo asubuhi. Maziko saa kumi, Gando. Mimi mwanawe, Omar.*"

Nilipofika kwenye "Omar" ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Mstari wangu uliona "Bi" ukafurahi, ukachukua Mize Kombo, ukakuta "wa", ukachukua Mgogoni, kisha ile nukta na ile nyota zikammeza Mzee Hamad mzima mzima na mji wake, mpaka zikafika kwenye "amefariki" zikatulia, kazi imekwisha. Neno "kaka yake" halikuwa kitu kwake, hakuna mahali nilipoufundisha kwamba watu huwa na kaka. Na sasa mimi, kwa kinywa changu, nimempa mwalimu wangu habari ya kifo cha nduguye kama mtu anayesoma kibao cha duka.

Bi Mize alirudi akakaa kizingitini. "Hamad," akasema. Hakulia. Akauliza, "Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa imepita saa tisa. Mzee Makame akanigeukia, na afadhali angenitukana.

"Mwalimu, tumechimba kaburi la mtu aliye hai," akasema. "Na maiti yuko Gando, hana wa kumbeba."

Bi Mize alivaa buibui, akachukua fimbo yake, akapanda mbele kwa Gervas. Mimi nyuma. Wengine wakarukia magari na pikipiki zilizokuwapo, lakini sisi tulitangulia. Njia nzima hakusema ila mara moja.

"Weye ndiye mwenye hiyo mashine?" akamuuliza Gervas.

"Ni yangu, Bi," nikasema mimi.

"Nnajua ni yako. Nilitaka kuona kama utasema."

Nikatazama dirishani mpaka Gando.

Tulipofika, jeneza lilikuwa ndio kwanza linatoka. Mnajua maziko ya kwetu, jeneza halikai begani mwa mtu, linakwenda kwa kupokezana, kila mtu anataka thawabu. Hili lilibebwa na watu wachache wasiokuwa na wa kuwapokea, jasho linawatiririka, na nyuma yao mstari mfupi wa majirani. Omar alikuwa mbele kulia. Na jambo ambalo sikulifikiria njia nzima ni hili: Omar naye yumo kwenye jumuiya. Tangazo langu lilimfikia na yeye. Alimpigia shangazi yake simu, haipatikani, akaamini kwamba Mungu kawachukua ndugu wawili asubuhi moja.

Sasa shangazi huyo anashuka garini.

Alitembea kuwaendea, buibui jeusi, fimbo, mguu wa kushoto unaburura, katikati ya njia, na jua liko mgongoni mwake hivyo uso wake hauonekani vizuri. Wabebaji wakasimama. Nikaona jeneza linatetemeka. Hakuna aliyekimbia, kwa sababu utakimbiaje na maiti yuko begani? Walibaki wamelishikilia tu, macho yamewatoka, na yeye anakuja, wala hakuna sauti ila fimbo yake kwenye changarawe. Mzee mmoja katika wale wa nyuma akaketi chini barabarani.

"Mtueni," akasema Bi Mize. "Nimwone ndugu yangu."

"Shangazi," Omar akasema, midomo imekauka. "Shangazi, weye... Mimi nilikuwa nikimaliza kumzika baba nije nikuzike weye."

"Nshike mkono uone," akamwambia.

Omar alinyoosha mkono wa kushoto, polepole kama mtu anayejaribu moto. Alipougusa mkono ule na kuukuta una joto, akalia kwa sauti kama mtoto, na wote wakalia, na ndipo jeneza likashushwa. Wakamfunulia uso. Bi Mize aliinama, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, akarudisha shuka mwenyewe. Wakati huo magari ya Mgogoni yakaanza kufika, wanaume wakaruka na kukimbilia mabegani, na mstari ule mfupi ukarefuka mpaka ukaziba njia. Omar alinambia baadaye kwamba mpaka dakika ile alidhani watu wamechagua maziko ya shangazi wakawasusa wao, kwamba baba yake alikuwa na baya lililofichika ambalo yeye mwanawe halijui. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mimi nilibaki kando ya gari. Hakuna aliyenilaumu. Bibi mmoja wa Gando alisogea, akaninong'oneza bila kumwondolea macho Bi Mize, "Mwanangu, yule yu hai kweli?"

Lile kaburi la Mgogoni lilileta mashauri yake. Wazee walisema kaburi likishafunguka halifai kuachwa likiwa na njaa, wakatia shina la mgomba wakalifukia. Lipo mpaka leo, na watoto hawapiti njia ile. Mimi wakanipa jina la Mwalimu Izraili. Sikukuu iliyofuata niliwatumia watu salamu za Idi, ujumbe mmoja tu wa heri na baraka, na nikasikia kuna waliopigiana simu kwanza kuulizana nani kafa.

Programu niliizima siku ileile. Nikakaa nayo wiki nzima (ile wiki niliyoinyima mwanzo), nikaandika vipande vidogo kama alivyosema Gervas, kila kimoja na jina lake la Kiswahili: jina, mji, udugu, saa. Kipande cha udugu kikiona "kaka yake" au "mama mzazi wa", kinajua mtu anayefuata siye tunayemtafuta, kinamwacha apumue. Ujumbe husomwa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na likibaki hata neno moja lisilo na mahali pake, programu haibahatishi, inaandika "sijaelewa" na kumpelekea Mzee Makame, aliyerudia kazi yake ya kupiga simu. Ujumbe wa kwanza nilioijaribia ulikuwa wa Omar. Ikanijibu: *Mzee Hamad Kombo wa Gando.* Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikalia, na Gervas, Mungu amlipe, alitoka nje bila kusema "nilikwambia".

Bi Mize hakunikasirikia kamwe. Ila lile tangazo hataki nilifute kwenye simu yake. Kila nikienda kumjulia hali, tukiwa katikati ya uji, hunipa simu na kusema, "Nsomee." Nami naona vibaya lakini nasoma, jina lake lote na neno lile. Anasikiliza kafumba macho.

"Na watu walikuja wengi?" huuliza.

"Wengi, Bi. Uani hapakutosha."

"Na weye ulilia?"

"Nililia, Bi."

"Nilikusikia," akanambia mara ya mwisho nilipokwenda. "Niko majini nakusikia unalia, nikasema, msiba mkubwa huu, ngoja nijitie maji vizuri nitoke niwasaidie kulia."

Siku hiyo niliondoka bila kumaliza uji. Na njiani nikaapa, peke yangu, kwa sauti, kwamba maadamu nipo hai sitaweka tena kati ya jina la mtu na mauti mashine isiyojua kusema haijaelewa. Na kwamba tangazo likiwa na jina ninalolijua, sitapiga ukelele kabla sijaenda mimi mwenyewe kugonga mlango.